Kuandaa nyumba kwa kipupwe na wageni wa likizo Arusha na Moshi: dalili, chanzo na marekebisho

Kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti, Arusha hupokea baridi na wageni kwa pamoja. Shule zinafungwa, ndugu wa Dar es Salaam na Tanga wanawaleta watoto kwa babu na bibi, na walioko Ulaya wanakuja kwa sababu huko nako ni likizo. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka mara nyingi hadi nyuzi 12 au chini yake, hasa maeneo ya juu kama Ilboru na Ngaramtoni. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo kuna nafuu, lakini anayewalaza wageni Marangu, Kibosho au Machame ajiandae kama mtu wa Arusha.

Matatizo mengi ya wiki hizo hayatokani na kitu kilichoharibika siku hiyo. Nyumba iliyozoea watu wanne imepewa watu kumi na wawili, na kila kilichomo, yaani waya, bomba, shimo la choo, hata hewa ya chumbani, kinabeba mara tatu ya mzigo wake wa kawaida katika msimu ambao baridi nayo inaongeza matumizi. Ndiyo maana inafaa kuifuata dalili mpaka ipatikane sababu kabla ya kununua chochote. Fedha nyingi hupotea kwa kubadilisha hita nzima wakati kosa liko kwenye mnara wa tangi.

Maji ya kuoga ni ya uvuguvugu, au hita haiwaki

Hili ndilo lalamiko la kwanza la mgeni anayetoka pwani, na lina vyanzo kadhaa visivyotibiwa kwa njia moja.

Anza kwa kupima maji yanayotoka. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungua kama unavyofungua ukitaka kuoga, kisha tazama saa ya simu ndoo inajaa kwa muda gani. Hita ya papo kwa papo ya wati 4,500 hupandisha joto la lita 3 za maji kwa dakika kwa nyuzi zipatazo 21, na huo ndio uwezo wake wote. Ukipitisha lita 6 kwa dakika, ongezeko linabaki nyuzi 10 na ushei. Mwezi Februari, maji ya tangi yakiwa na nyuzi 24, ongezeko hilo dogo bado linamwogesha mtu bila manung'uniko. Julai alfajiri, maji ya tangi hilohilo lililolala nje juu ya mnara yanaweza kuwa na nyuzi 16 au 17, na mgeni anaishia kuoga maji ya nyuzi 27. Hita haina kosa lolote. Punguza maji kwenye koki hadi ndoo ichukue zaidi ya dakika tatu kujaa, na joto litarudi. Waeleze wageni jambo hili siku ya kwanza, kwa sababu mtu anayehisi baridi hufungua koki zaidi, na kila anapofungua zaidi maji yanazidi kupoa.

Ikiwa umeme upo na hita haiwaki kabisa, tazama presha. Ndani ya hita za aina hii mna swichi inayosukumwa na maji yenyewe, na maji yakija kinyonge swichi haifungi. Presha ya tangi hutokana na kimo: kila mita 10 hutoa takriban bar 1, hivyo tangi lililo mita 3 tu juu ya shawa hutoa chini ya theluthi moja ya bar. Dalili yake haifichiki. Hita ya bafu la chini inawaka na ya ghorofani haiwaki, au inawaka alfajiri lakini inazimika kila mtu anapofungua koki jikoni. Kabla ya kufikiria pampu, fungua kichwa cha shawa ukiloweke kwenye siki usiku kucha, kwa sababu matundu yake huziba kwa mchanga na chokaa, kisha zima breka, funga maji, na usafishe kichujio kidogo kilichopo pale maji yanapoingilia kwenye hita. Nyumba nyingi hupona hapo. Zisipopona, kuinua mnara wa tangi ni bora kuliko pampu ikiwa uwezo upo, kwa kuwa mnara haukatikiwi na umeme.

Wenye sola ya maji moto wana shida yao. Asubuhi za Juni na Julai Mlima Meru hufunikwa na mawingu, na jua linalopatikana mchana ni la saa chache. Arusha iko zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo miezi hii jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na sola iliyofungwa ikitazama kusini kwa sababu tu paa limeinamia huko hupata jua hafifu wakati huuhuu inapohitajika zaidi. Kama kuigeuza haiwezekani, gawa zamu za kuoga, watoto waoge alasiri maji yakiwa yamepata moto kamili na watu wazima waoge baadaye, na hakikisha kipashio cha umeme cha akiba kilichomo kwenye tangi kinafanya kazi.

Mtu akisema kwamba akigusa koki anahisi umeme unamtekenya, zima hita hiyo kwenye breka na isiwashwe tena hata kwa dakika moja mpaka fundi umeme afike. Mara nyingi elementi imepasuka na umeme unavujia kwenye maji, na nyumba ama haina ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ama waya huo umekatika. Fundi aipime ethi kwa kifaa na afunge kikata umeme kinachoshtuka umeme unapovuja. Kuvaa kandambili bafuni, ushauri unaotolewa mno katika mitaa yetu, hakumlindi mtu aliyeshika koki ya chuma.

Breka inaruka, soketi inanuka

Tazama breka inaruka namna gani. Ikiruka papo hapo kila kifaa fulani kinapowashwa, kifaa hicho au waya wake una shoti. Ikiruka baada ya dakika kadhaa, vitu vikiwa vinafanya kazi vizuri, mzigo umezidi. Ikiruka bila mpangilio, hasa usiku wa umande au baada ya mvua, unyevu umeingia mahali, na pa kuanzia ni taa za nje na soketi ya barazani.

Hesabu ya mzigo ni rahisi. Umeme wa nyumbani ni volti 230, hivyo hita ya maji ya wati 4,500 huvuta karibu ampea 20, birika la wati 2,000 huvuta karibu 9, na hita ya kupasha chumba hulingana na birika. Soketi moja ya ampea 13 haipaswi kubeba zaidi ya wati 3,000. Wageni wakichomeka birika, pasi na hita ya chumba kwenye ekstensheni moja iliyopitishwa chini ya zulia, breka inaweza isiruke kwa sababu inalinda soketi kadhaa kwa pamoja, lakini ekstensheni yenyewe inaungua polepole. Harufu kama ya samaki au plastiki iliyochomwa karibu na soketi ni onyo la moto. Zima umeme wa mstari huo na usisubiri kesho.

Jambo moja nalisisitiza: usimruhusu fundi aondoe breka ndogo na kuweka kubwa ili isiruke. Breka imewekwa kulinda waya uliomo ukutani. Waya wa milimita 2.5 za mraba unaotosha soketi hautoshi hita ya maji, ambayo inahitaji waya wake wa pekee wa milimita 4 au, vizuri zaidi, 6, kutoka kwenye breka zake hadi bafuni.

Ikiwa lalamiko ni kwamba fedha ileile inatoa uniti chache za LUKU, huenda mita haina tatizo. Mteja wa TANESCO aliye katika kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei nafuu ndani ya kikomo hicho tu, na uniti zinazozidi hapo huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Wageni kumi wanaooga maji ya moto hukivuka kikomo hicho mapema.

Paa linadondosha maji bila mvua, kuta zinaota ukungu

Masika imekatika Mei, Julai hii hakuna mvua ya maana, na bado alfajiri tone linaangukia kitanda cha mgeni. Wengi humwita fundi wa bati, na mara nyingi bati halina tundu. Watu sita waliolala chumba kimoja kisicho na dari, madirisha yamefungwa na nafasi ya chini ya mlango imezibwa kwa khanga, hutoa kwa pumzi na jasho zaidi ya lita moja ya maji usiku mmoja. Mvuke huo unapanda, unakutana na bati lililopoa usiku kucha, na kugeuka matone. Ukimulika tochi saa kumi na moja alfajiri utayaona yamejipanga kwenye mikunjo ya bati, yanateleza taratibu mpaka kwenye papi, na kuanzia hapo yanadondoka kwa mstari ulionyooka kufuata mbao. Maji ya tundu la msumari yana tabia tofauti: yanadondoka wakati wa mvua, mahali palepale, na huacha doa la kahawia kwenye mbao au silingibodi.

Tiba ya matone ya mvuke ni hewa. Acha wazi nafasi ya juu ya dirisha yenye wavu hata usiku, fungua madirisha yote kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, na usianike nguo ndani. Najua mwenye nyumba anaona vibaya kumwachia mgeni dirisha wazi katika baridi hii. Mwongezee blanketi, maana chumba kilichozibwa kabisa kinakuwa na unyevu, na shuka lenye unyevu ni baridi kuliko upepo. Tiba ya kudumu ni kupiga dari.

Kwa kuta, mahali ukungu ulipo panaeleza mengi. Ukungu mweusi kwenye pembe za juu na nyuma ya kabati umetokana na mvuke uleule wa chumbani. Rangi inayobanduka na ungaunga mweupe wa chumvi kwenye mita moja ya chini ni maji yanayopanda kutoka ardhini, hasa mwaka ambao masika ilikuwa nzito, kwa sababu msingi hauna karatasi la kuzuia unyevu au kwa sababu udongo wa bustani umerundikwa juu ya msingi. Doa la maji lililo upande wa pili wa bafu, lisilobadilika jua liwake au lisiwake, ni bomba linalovuja. Ukishindwa kuamua, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi, uzibe kingo zote, ukiache siku moja na usiku wake. Maji yakionekana upande wa chumbani, unyevu uko hewani. Yakionekana kati ya nailoni na ukuta, yanatoka ndani ya ukuta. Kupaka rangi mpya kabla ya jibu hilo ni kuficha, na itabanduka kabla wageni hawajaondoka.

Magodoro yanayotandikwa sakafuni kwa ajili ya watoto yapitiwe kila asubuhi. Joto la mwili husukuma unyevu chini hadi kwenye saruji ya baridi, na upande wa chini hulowa bila mtu kujua. Tandika mkeka chini yake, uyasimamishe ukutani mchana, na mablanketi yaliyokaa kabatini tangu mwaka jana yatolewe juani mapema, kabla ya mgeni kufika.

Wageni wote wanaamka na maumivu ya kichwa

Mtu mmoja akiamka na kichwa kinauma, huenda ni safari au mafua. Watu wawili au zaidi waliolala chumba kimoja wakiamka na kichwa kizito, kizunguzungu na kichefuchefu, na wakapata nafuu baada ya kutoka nje, chukulia kwamba ni sumu ya hewa mpaka ithibitike vinginevyo. Uliza kama jiko la mkaa liliingizwa chumbani.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala muwasho. Watu hudanganyika kwa sababu husubiri mkaa ukolee na moshi uishe ndipo waliingize jiko ndani, wakidhani kilichokuwa kibaya ni moshi, kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kuitoa gesi hiyo usiku kucha. Ndani ya damu hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo aliyelala hupungukiwa hewa bila kukohoa wala kushtuka. Wengi hawaamki. Nyumba zilizozibwa vizuri zaidi dhidi ya baridi ndizo zenye hatari kubwa zaidi, na mgeni wa pwani, anayetetemeka na asiyezoea, ndiye anayeomba jiko liletwe.

Jibu liwe hapana, hata akiomba mama mkwe. Kumwekea beseni la maji kando ya jiko hakusaidii, wala kuacha mlango wa chumba nusu wazi. Mpe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, soksi na blanketi la pili. Jenereta nayo isiwashwe barazani wala ndani ya gereji iliyoungana na nyumba. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje kwanza, kisha mkimbize hospitali hata akisema amepata nafuu, kwa kuwa tiba yake ni oksijeni. Simu ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Mwali wa gesi unadhoofika na mtungi bado ni mzito

Gesi iliyomo kwenye mtungi ni ya kimiminika, na inahitaji joto ili igeuke mvuke. Ukipika kwa jiko kubwa mfululizo, mtungi mdogo wa kilo 6 hupoa hadi ukatoka jasho kwa nje, na gesi haitoki tena kwa kasi inayohitajika. Subiri mtungi upate joto la kawaida, au tumia mtungi wa kilo 15 kwa kipindi cha wageni. Usiuweke juani, wala karibu na makaa, wala kuumwagia maji yanayochemka.

Chanzo kingine cha gesi kuisha upesi ni kimo cha mji wenyewe. Arusha maji huchemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo maharage na makande huchukua muda mrefu kuliko Dar es Salaam. Kuyaloweka usiku na kutumia sufuria ya presha huokoa gesi nyingi. Ukisikia harufu ya gesi, kumbuka kwamba ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni: funga mtungi, fungua mlango, na usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye regulata na mpira, kamwe si kwa kiberiti.

Choo kinarudisha maji

Choo kimoja kikigoma na vingine vikaenda, kizibo kiko kwenye choo hicho. Vyote vikigoma, na ukiflashi maji yanapanda kwenye sakafu ya bafu, fungua chemba kuanzia iliyo karibu na nyumba. Ikiwa kavu, kizibo kiko kati yake na nyumba. Ikijaa, nenda kwenye inayofuata mpaka ukute kavu, na kizibo kiko kabla ya hiyo. Chemba zote zikiwa zimejaa, shimo lenyewe limejaa, na linahitaji gari la kunyonya majitaka. Ukiona limejaa tena baada ya siku chache, udongo unaopokea maji yake umeshiba, jambo la kawaida baada ya masika nzito. Punguza maji ya kufulia yanayoelekezwa huko. Mtu yeyote asiingie shimoni kutazama, kwa sababu gesi zilizomo huua kwa dakika chache.

Kwenye sinki la jikoni mhalifu wa msimu huu ni mafuta ya mbuzi na ng'ombe, ambayo kwenye bomba la baridi huganda upesi. Futa masufuria kwa karatasi kabla ya kuosha.

Maji ya kunywa

Maji ya sehemu nyingi za miteremko ya Meru yana floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano, na kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha kidogo maji yanapopungua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtu mzima anayekaa wiki mbili hana sababu ya hofu, lakini kwa mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya unga, tumia maji ya chupa yenye floraidi kidogo au yaliyopita kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa.

Nyumba ya mlimani iliyofungwa mwaka mzima

Wengi wenye nyumba Rombo, Uru au Marangu huzifungua Desemba, vuli ikiwa bado haijaisha. Atangulie mtu siku chache. Maji ya kwanza ya kila koki yamwagwe mpaka yawe safi na tangi lisuguliwe, kwa sababu maji yaliyolala miezi kadhaa hayafai hata kuogea. Majani yatolewe kwenye gata kabla mvua haijayarudisha maji chini ya bati. Darini, angalia mavi ya panya. Ukiyaona, fundi umeme akague waya kabla swichi kuu haijawashwa, maana panya hutafuna ganda la waya na kuacha shaba wazi juu ya mbao kavu.